Siku Nyumba ya Duku Ilipokuwa Gari

Sogeeni, enyi watu wa Arua na Koboko, nanyi madereva wa Vurra mnaosubiri malori yenu yaruhusiwe kuvuka mpaka. Zimeni redio, wanyamazisheni watoto, kwa maana nasimulia vita ambavyo hakuna serikali iliyovitangaza na hakuna jemadari aliyepewa nishani. Nasimulia habari za Duku mwana wa Loku, askari mstaafu, simba wa Lurujo, mshika usukani asiyetetereka, aliyemtoa mama mkwe wake Vurra asubuhi akamfikisha Lurujo jioni, bibi huyo akiwa mzima, mkavu, na mwenye sauti yake yote.

Kwanza nisifie silaha. Wenzake walipostaafu walinunua mabati na saruji. Duku alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua, kwa wageni wawili waliovuka bara zima wakaishiwa hamu mjini Arua, kitu kirefu cheupe chenye magurudumu manne, na ndani yake kitanda, jiko la gesi, beseni la kunawia, na vikombe sita vinavyoning'inia kwenye ndoano. Juu ya kioo cha mbele aliandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA YA DUKU. Aliyethubutu kukiita gari hakusalimiwa wiki nzima. Constantino, fundi wa breki, aliandika "gari" kwenye risiti, akarudishiwa karatasi yake aisahihishe. Mimi msimulizi, kwa kuwa nina jamaa pande zote mbili za ugomvi huu, nitakiita chombo.

Upande wa pili alikuwa Ayikoru wa Vurra, mama yake Annet, mke wa Duku. Mwanamke ambaye hata watu wa forodha humwamkia kwanza. Siku ya harusi alisema mbele ya koo mbili kwamba hatakanyaga Lurujo, kijijini kwa kina Duku, mpaka binti yake awe na nyumba. Ikapita miaka minane, Annet akiishi katika chumba kimoja kwa mzee Loku, na wajukuu watatu wakipelekwa Vurra kuonyeshwa kwa bibi yao. Sasa akazaliwa wa nne, msichana wa kurithi jina la bibi, na Annet akaapa kwamba mtoto hatapewa jina mpaka bibi yake awepo. Siku ya kumi na mbili mtoto alikuwa bado anaitwa "huyu." Jambo hilo lilimchoma Duku kuliko risasi yoyote aliyowahi kuikwepa.

Akatuma salamu Vurra kwamba nyumba imepatikana, tena itakuja yenyewe kumchukua mama. Akaondoka alfajiri, akafika kabla jua halijawa kali, akapiga honi mara tatu.

Ayikoru alitoka na mfuko wake. Akasoma yale maandishi mekundu mara mbili, akasimama. Kisha akageuza uso kuyatazama malori, kama impasavyo mama anapozungumza na mkwe.

"Ndani kitanda iko?"

"Iko, mama. Kitanda kubwa," akajibu Duku kwa fahari, na papo hapo akajua amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Basi mimi siwezi ingia," alisema Ayikoru. "Mama haingii nyumba ambayo mkwe yake analala. Kwetu iko hivyo, na kwenu Koboko iko hivyo. Kama hii iko gari, napanda sasa hivi, lakini nikifika kule nitasema mbele ya watu kwamba Annet hana nyumba. Kama iko nyumba, wewe rudi na nyumba yako, mimi nabaki. Chagua."

Oneni mtego huo, enyi mnaojua mambo ya kijeshi. Mbele nyumba, nyuma gari, na katikati mtoto anayeitwa "huyu."

Watu wakajaa. Romano, dereva wa lori kutoka upande wa Kongo, alitoa hukumu bila kuombwa: "Mutu analala ndani, ile ni nyumba." Hawah wa chapati akamuuliza ni lini ameona nyumba yenye namba ya usajili, tena yeye Romano hulala ndani ya lori lake, je, amelijengea choo? Yakatokea majeshi mawili, la Nyumba na la Gari, na majeshi yote mawili yakanunua chapati. Jua likapanda. Ayikoru hakukaa chini wala hakugeuka.

Ndipo Duku alipofanya jambo ambalo hakulifanya katika miaka ishirini ya utumishi wake. Alitoa godoro lake, akalifunga juu ya paa chini ya turubai ili mama asilione. Akachota tope la mtaroni kwa mikono miwili, akalipaka juu ya yale maandishi mekundu mpaka yakapotea. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekabidhi bunduki:

"Mama, hii iko gari."

Ayikoru akapanda.

Wakapita Arua, wakashika barabara ya Koboko, na kila tuta la lami likawanyanyua na kuwatua bila heshima. Lakini vita vyenyewe vilikuwa baada ya Koboko, walipoiacha lami na kuingia njia ya Lurujo, ambayo mvua imeila na kila mwaka wa uchaguzi huahidiwa kuponywa. Huko mashimo ni ya zamani kiasi kwamba watu huelekezana kwayo. Duku alilikwepa la kwanza, akaliomba radhi la pili, la tatu likammeza hadi kwenye bampa na kumtapika. Vikombe viligongana kama mikuki. Nyuma, Ayikoru alijishikilia kwenye beseni.

Kwenye bonde la mwisho, magurudumu ya nyuma yalizama. Duku alishuka na jembe. Akachimba, akatia mawe, tope likayala. Akatia matawi, likayala pia. Mvua ikaanza. Saa nzima alipigana peke yake, na adui hakupungua hata kijiko.

Dirisha likafunguliwa. Ukatoka mkono wenye kikombe, uso ukiwa umegeuzwa upande mwingine. Ayikoru alikuwa amewasha jiko.

"Kunywa. Chai iko moto."

Duku alikunywa akiwa amelowa chapachapa, na nusura alie, ingawa angesema ni mvua. Aliporudisha kikombe alikuwa ameshaamua. Akapanda juu ya paa, akafungua turubai, akalishusha godoro.

"Godoro yangu," alilihutubia, "miezi mbili tumelala pamoja. Leo utalala bila mimi."

Akalisukuma chini ya gurudumu, akarudi kwenye usukani. Chombo kikanguruma, kikapanda juu ya sponji, kikatoka. Nyuma yake godoro lilibaki limezama kama mkate ndani ya chai.

Walifika jioni. Annet alikuwa uani na mtoto kifuani, na jamaa wote wa mzee Loku nyuma yake, tayari kusikia mama wa Vurra atasema nini. Ayikoru alishuka, akaenda hatua kumi, akageuka. Duku alifuata macho yake: mvua ilikuwa imeosha tope lote, na maandishi yake yaling'aa kuliko siku yalipoandikwa. Akainama haraka kuchota tope jingine.

"Wacha," alisema Ayikoru.

Akakipa chombo mgongo, akajifunga vizuri kanga yake, akamwambia binti yake kwa sauti iliyofika kwa majirani wote: "Annet, mfuko yangu iko ndani. Ingia nyumba ya bwana yako, uniletee. Mimi siwezi ingia."

Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto, akamwita kwa jina: Ayikoru.

Duku alibaki na tope mkononi, asijue aliweke wapi. Basi waandike wanaoandika historia, nao wanaochora ramani wasijisahau. Mimi sasa neno "chombo" nimeliacha. Ukifika Lurujo ulizia nyumba ya Duku: iko upande wa kulia, ina magurudumu manne, na haina godoro.