Chupa Iliyopinda ya Bibi Akagi

Jumatatu, 12 Oktoba

Habari njema! Paka wa Bibi Akagi ameangusha chupa ya sake, pombe yetu ya mchele, chupa aliyoachiwa na marehemu mumewe. Vigae sakafu nzima. Bibi analia. Paka hana habari, anajilamba mkono. Nimempelekea kichwa cha samaki kwa siri. Anastahili.

Nieleze furaha yangu. Bibi Akagi ndiye mwenye tanuri kubwa hapa mtaani kwetu Imbe, lile lililolala kwenye mteremko kama nyoka aliyeshiba. Wafinyanzi wawili tunachoma vyombo vyetu humo kwa hisani yake: mimi, na Hisanori, mdogo wa mke wangu. Bibi hana mtoto. Starehe yake ni moja: kila jioni, kabla ya chakula, sake ya moto kutoka kwenye chupa ya udongo. Basi leo, huku akiokota vigae, akatangaza. Miguu imechoka na ule mteremko. Kila mmoja wetu amfinyangie chupa. Atakayemfinyangia chupa ya kunywea mpaka siku ya kufa, huyo achukue tanuri.

Hisanori akamwambia, "Bibi, wewe utatuzika sote." Anajipendekeza! Maneno hayohayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Kaniwahi.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama mwenye tanuri. Mke wangu Sawako kaniambia nile kwanza, tanuri litangoja.

Jumatano, 14 Oktoba

Vita haviendi bila upelelezi. Kati ya banda langu na la Hisanori kuna ua wa mianzi wenye tundu. Sikulitoboa mimi. Nimelipanua tu.

Nikachungulia. Hisanori yuko kwenye gurudumu, anaimba. Anaimba kazini! Chupa yake imesimama mbele yake: mabega ya mviringo, shingo nyembamba, imetulia kama bibi harusi anayejua anatazamwa.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimebeba chupa yangu mkononi, bado mbichi. Kwa uchungu nikaibana. Kidole gumba kimeacha shimo ubavuni. Shingo nayo imelala upande, kama jirani anayesikiliza mambo ya watu.

Si neno. Nitafinyanga nyingine kesho.

Jumanne, 20 Oktoba

Sijafinyanga nyingine. Nimeshughulika na jambo kubwa zaidi: moyo wa Bibi.

Nilimpelekea matunda ya kaki yaliyokaushwa, yaliyofungwa vizuri kwenye kitambaa cha zambarau. Nikamwambia nimemkumbuka tu, hakuna lingine. Akashukuru. Akasema meno yake hayawezi tena vitu hivyo, lakini hatavitupa. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Mchana Bibi akampa Hisanori matunda hayo. Jioni Hisanori akatuletea sisi, kwa kitambaa kilekile cha zambarau. Sawako akamsifu sana mdogo wake. Eti ona mtu anavyojua kukumbuka nduguze, wengine wangejifunza. Nimekula mawili. Matamu.

Sasa hata nikifinyanga chupa nyingine haitakauka kabla ya kuchoma. Itabidi niingie na hii ya shingo ya umbea. Lakini akili ni mali, na mimi ni tajiri.

Jumapili, 25 Oktoba

Leo tumepanga vyombo tanurini. Bibi alikaa mlangoni na fimbo yake, akiamuru kama jemadari. Sisi huku kwetu hatupaki chombo rangi wala hatukitii mng'aro. Kinaingia udongo mtupu, na moto na majivu ya misonobari ndivyo vinavyokipamba. Kwa hiyo mahali chombo kinapokaa ndipo bahati yake ilipo.

Chupa ya Hisanori imewekwa mbele kabisa, karibu na mdomo wa moto, majivu yanapoanguka kama mvua. Yangu? Nyuma, gizani, pamoja na mitungi ya achari! Niliuliza kwa heshima ni kwa nini. Bibi akajibu, "Yako imeshapinda, Morikazu. Moto ukiiona utaimalizia." Wafanyakazi wakacheka. Hisanori hakucheka. Huo ndio ubaya wake, hakupi hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Hapo ndipo wazo likanijia. Wazo safi!

Kila mfinyanzi huchora alama chini ya chombo chake. Ya Hisanori ni mstari mmoja. Yangu ni mistari miwili iliyopandana, msalaba. Wakati wa chai nikasema nimesahau taulo ndani. Nikaingia nikitambaa, na msumari mfukoni. Chupa yake nikaiongezea mstari. Yangu nikaifuta mmoja kwa mate na kidole. Basi! Ile nzuri ikawa yangu, ile mbovu ikawa yake. Wala sikusogeza kitu. Je, huo ni wizi? Mwizi huondoka na kitu. Mimi niliviacha vyote mahali pake.

Nilipotoka Bibi akaniuliza kama taulo nimeliona. Nikasema nimeliona. Lilikuwa shingoni mwangu tangu asubuhi. Akalitazama kidogo, akaendelea na chai yake.

Jumanne, 3 Novemba

Tanuri linakula kuni kama halijawahi kula. Tunapokezana, mimi na Hisanori na vibarua. Zamu yangu nalisha mdomo wa mbele bila kupumzika. Pale mbele ndipo ilipo chupa yangu. Yaani yake. Yaani yangu.

Hisanori hakuamini macho yake. Akaniletea matonge ya wali yenye achari ya plamu ndani, akaniambia, "Shemeji, sijawahi kukuona hivi. Pumzika basi, utaanguka." Nikamjibu kwamba mtu anayependa kazi yake hachoki. Akainamisha kichwa kwa heshima. Masikini.

Nikiwa bado naringa, ulimi wa moto ukatoka mdomoni ukachukua nyusi zangu. Zote mbili! Sawako aliponiona alicheka mpaka akakaa chini. Akapata pumzi, akasema, "Mume wangu, umekuwa yai." Akacheka tena.

Wacheke. Mwenye tanuri hahitaji nyusi.

Jumatatu, 16 Novemba

Tumefungua!

Nusu ya mtaa ilikuja. Hisanori aliingia kwa magoti, akawa anatupokeza vyombo mkono kwa mkono, bado vina joto kama mkate. Mara ikatoka ile chupa ya mbele. Watu wakasogea karibu. Majivu yameyeyuka mabegani kama ufuta wa dhahabu, chini nyekundu ya jioni, katikati kijivu cha mawingu. Hata mimi, ambaye nia yangu ilikuwa mbaya, macho yalinilowa.

Nikapaza sauti, "Yangu!" Kisha nikaigeuza polepole ili kila mtu aone msalaba. Wakanipigia makofi. Kinyozi alisema hakujua kwamba nina kipaji hicho. Nikamwambia mambo mengi hayajui.

Kisha ikatoka ile nyingine. Kahawia tupu, rangi ya viazi vilivyookwa. Shingo upande. Shimo la kidole. Hisanori akaigeuza, akaona mstari mmoja. Akaitazama, akaitazama na ile nzuri, akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ya chini, "Ajabu. Alama ni yangu, lakini mkono siutambui."

Nikaona hatari. Nikamwahi mbele ya watu wote: ajikaze, kila mfinyanzi ana siku mbaya, asikane mtoto kwa sababu ya sura. Watu wakamhurumia. Akainama, akasema, "Kweli, shemeji." Halafu akaifuta vumbi ile chupa mbovu kwa mkono wa shati lake, vizuri kabisa, kama si ya aibu.

Sikupenda alivyoifuta.

Jumanne, 17 Novemba

Nitaandika kwa kifupi.

Bibi alituita jioni, mimi, Hisanori na Sawako. Akapasha sake. Akaanza na ile nzuri. Ni kubwa mabegani, vidole vyake vimevimba viungo, ikamteleza. Akaishika kwa mikono miwili. Akamimina. Majivu yaliyoyeyuka tanurini yalikuwa yameacha chozi gumu kwenye mdomo wa chupa, basi sake ikafuata chozi, ikaingia kwenye mkono wa kimono chake mpaka kwenye kiwiko. Akajifuta.

Akachukua ile iliyopinda. Kidole gumba chake kikaingia kwenye lile shimo. Shingo ilikuwa imeinama tayari, hakuhitaji hata kuinua kifundo cha mkono. Sake ikatoka to-ku, to-ku, to-ku, bila kupoteza tone. Akanywa, akafumba macho, akakunja uso.

Nikajua imemchukiza.

Akauliza, "Hii ni ya nani?"

Nikajibu kabla ya mtu yeyote: ni ya Hisanori, Bibi, msamehe, ni kijana.

Hisanori akasema, "Bibi, siwezi kudanganya. Mimi sikuifinyanga hii. Nadhani ni ya shemeji."

Anataka kunibebesha! Nikapandwa na hasira. Nikasema, mimi? Mimi nifinyange kitu kama hiki? Bibi akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayemnyooshea mwenzake kamba mtoni. "Morikazu. Tazama vizuri. Si yako?"

Mtego, nikajua! Nikapiga magoti. Nikaapa kwa makaburi ya baba na babu kwamba sijawahi hata kuigusa.

Bibi akafumbua macho yote mawili. Alinitazama kama unavyomtazama samaki aliyeruka mwenyewe kutoka kwenye ndoo akaangukia jikoni.

Akasema, "Tangu mume wangu afe sijashika chupa inayonijua mkono hivi. Nitainywea mpaka nife. Basi. Tanuri ni la Hisanori."

Jumatano, 18 Novemba

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa Bibi kurekebisha kosa dogo. Nikamweleza kwamba moto mkali, kitaalamu, unaweza kuhamisha mistari kutoka chombo kimoja hadi kingine. Akasema yeye aliolewa na mfinyanzi, hakuolewa na mpumbavu. Nikasema jana nilikana kwa unyenyekevu tu. Akauliza, na makaburi ya wazee niliyaapia kwa unyenyekevu? Kisha akanirudishia ile chupa nzuri. "Chukua. Si ina alama yako? Na nyusi zako ziote salama."

Nimeiweka kwenye rafu. Sawako alisimama mbele yake muda mrefu. Akasema kazi ya mdogo wake angeijua hata akiwa amefumba macho, na kwamba angetaka kujua imefikaje kwenye rafu yake. Nikakohoa. Hajanisemesha tangu wakati huo. Chai yangu nimemimina mwenyewe.

Nimelitaka tanuri lile tangu nilipokuwa nalibebea kuni, kabla sijaoa. Nilijua kila tofali lake linavyopumua. Na tazama sasa: chupa bora iliyotoka humo mwaka huu nimeifinyanga mimi, kwa mkono huu. Kwa hiyo mimi ndiye mfinyanzi bora wa Imbe. Ila hakuna anayejua, na nimeapa.

Jumapili, 22 Novemba

Hisanori amekuja nyumbani leo, amevaa vizuri. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akasema ameongea na Bibi, na Bibi amekubali. Yeye peke yake hataki tanuri. Tulishike pamoja, nusu kwa nusu. Jina langu liandikwe mlangoni kando ya lake, tena lianze langu kwa kuwa mimi ni mkubwa. Mambo ya nyuma hataki kuyajua. "Shemeji, mimi najua kufinyanga tu. Moto unaujua wewe."

Sawako akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Macho yake yalisema neno moja: kubali.

Lakini mimi si wa jana! Mtu anayekupa nusu ukiwa umekaa kimya, atakupa ngapi ukikataa? Nikavuta pumzi. Nikasema hapana, asante, heshima hiyo ni kubwa kuliko mimi, siistahili hata kidogo. Nikakataa vizuri sana, kwa sauti ya huzuni.

Hisanori akainama tena. Akasema ameelewa, ameheshimu uamuzi wangu, na hatanisumbua tena maishani kwa jambo hilo. Akaondoka.

Akaondoka! Kijana huyu ana hila kuliko nilivyodhani. Lakini atarudi. Lazima arudi, anibembeleze, na safari hii aje na robo tatu.

Sawako amechukua mwavuli wake akaenda kwa Bibi kula chakula cha jioni. Hakusema atarudi saa ngapi. Mimi nimevaa kimono changu cha sherehe, nimekaa barazani, natazama barabara. Mvua imeanza. Jirani kapita, kauliza namngoja nani. Nimemwambia, mimi? Simngoji mtu.