Habari za Bonaventure Mpima-Pamba na Asiransi ya Valisi Yake

Tulieni, enyi watu wa Baraka, nanyi wa Fizi mlio juu milimani. Tueni vikapu vyenu vya samaki wa ndagala, funikeni vyungu, nyamazisheni watoto, maana leo natangaza kitendo kilichoyaacha majabali ya rasi ya Ubwari yakikodoa macho. Vita vya wafalme mmevisikia hata mmechoka. Hivi ni vya mtu mmoja na karatasi moja.

Katika miaka ile ambapo pamba ya Fizi ilikuwa ikishuka Baraka kwa magunia, alikuwako shujaa aitwaye Bonaventure, mpima-pamba wa kampuni, Simba wa Mizani, Mwenye Kofia Ngumu, aliyekoroga chai kwa kijiko hata siku ambayo sukari ilikuwa imekwisha. Shujaa huyu alipopewa konji, likizo ya kazi, alisimama barazani pake akautangazia mji mzima kwamba hatakwenda kijijini kulima mihogo. Atavuka ziwa aende Kigoma, nchi ya Waingereza, kutembea tu, kama Wazungu watembeavyo. Wauza samaki walivuka kila juma na hakuna aliyewaita mashujaa, lakini wao walifuata kazi. Kuvuka bila kazi ndiko kulikokuwa utukufu. Tangu siku ile hakuwa na njia nyingine: avuke, au achekwe mpaka kaburini.

Mkewe Dorothée alikuwa na dada kule ng'ambo, Ujiji, karibu na Kigoma. Jina lake Pulchérie, nao hawakuwa wameonana tangu dada huyo alipoolewa huko.

"Bwana, twende wote," akamwomba. "Mi nione Pulchérie, hata siku moja tu."

"Mama," akanguruma Simba wa Mizani, "konji ya muntu wa bureau, muntu wa kalamu, haiko safari ya bamama na bitunga!"

Dorothée akarudi jikoni. Mwenye kusikia haya asipompenda shujaa wetu, mimi sitamlaumu.

Lakini Simba aliyaogopa maji, aliyaogopa hata yakiwa ndani ya beseni. Basi akamwita Norbert, wakala wa asiransi, ndiyo bima, aliyeshuka na kamyo ya mizigo kutoka Uvira, naye akapanga mezani karatasi tatu, majeshi matatu yaliyojipanga kwa vita.

"Karani," akasema Norbert, "hii ya kwanza inachunga muntu na bintu yake yote. Hii ya pili inachunga muntu peke. Hii ya tatu inachunga valisi peke, sanduku ya safari."

"Na ya bei kidogo iko gani?"

"Ya valisi. Lakini karani, we ukizama..."

"Norbert! Mi ni muntu wa civilisation. Muntu kama mi hazami!"

Hapo pakapiganwa vita ambavyo ulimi unachoka kuvisimulia. Bonaventure aliishambulia bei kwa ubavu wa kulia, akarudi nyuma, akajificha chumbani, akatoka tena akiwa amevaa kofia; na Norbert alishikilia ngome yake mpaka njaa ilipomshinda, akapunguza kidogo ili apate kwenda kula. Shujaa akatia sahihi yenye mikia mingi. Tangu saa ile valisi ya kartoni, iliyofungwa kwa kamba, ililindwa na kampuni kubwa ya Wazungu.

"Kumbe we ukikufa," akauliza Dorothée, "ile kampuni itanipatia bei ya valisi?"

"Kama valisi nayo imezama," akajibu mumewe, maana alikuwa mtu wa kweli.

Sasa jueni kwamba wavukaji wa Baraka walikuwa na asiransi yao, tena ya tangu babu zao. Kabla ya safari nahodha huja kula nyumbani kwako, nawe unayevuka unamega tonge katika sahani yake. Ukishakula naye, mwili wako uko mikononi mwake, na asiporudi nawe hana uso wa kuwatazama watu wako. Bei yake ni kuku mmoja. Dorothée alimchinja, akapika ugali, akamkaribisha nahodha Placide, mtu mzito wa maneno. Bonaventure akachukua paja la kuku, akaingia chumbani na uma, akafunga mlango.

"Ile ni mambo ya basenji!" akapaza sauti mle ndani. "Mi niko na asiransi!"

Dorothée aliona haya mbele ya mgeni, akanawa, akamega tonge yeye. Placide akamtazama, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Siku ya safari mji wote ulishuka ufuoni. Shujaa akaja na koti, viatu na kofia, akahutubu: "Bandugu! Angalieni muzuri huyu muntu mwenye anaenda!" Akapakia valisi mtumbwini, akainua mguu. Placide akamzuia kwa kasia.

"Karani, we hukukula na mi. Siwezi kukubeba."

"Mi niko na asiransi!"

"Soma, basi tusikie."

Naye kwa kiburi cha kusoma akasoma kwa sauti, mpaka mahali palipoandikwa valisi, na sauti ikafifia. Wauza samaki wakashika mbavu.

"Aya, valisi iende," akasema Placide. "Na mwenye alikula na mi iko mama Dorothée. Mama, panda."

"Ngoja! Nitakula sasa!"

"Kuku ilishaisha, karani."

Ruhusa ya kuvuka ilikuwa na majina yote mawili, mume na mke, kwa kuwa ofisi ya Fizi iliandika nyumba nzima bila kuuliza. Vicheko vilikuwa vimeanza kupanda. Ndipo shujaa, kwa akili ya majemadari wakuu, akanyoosha kidole kuelekea Kigoma na kuamuru: "Mama, panda! Chunga valisi!"

Dorothée alipanda na nguo zake za jikoni, huku akicheka na kulia pamoja.

Aliporudi alikuwa na kanga ya Pulchérie mabegani, na wanawake wa Baraka walijaa jikoni kwake kusikia habari za Ujiji na watoto wa dada yake. Barazani, Bonaventure aliigeuza valisi pembe kwa pembe, akaona alama ya chaki ya forodha ya Kigoma, akaiinua juu ya kofia.

"Hata mukwaruzo haina!" akaupigia mji kelele. "Asiransi imeshinda!"

Basi iandikwe, nao wajukuu wa wajukuu waisome kwa heshima: valisi ya Bonaventure Mpima-Pamba ilikwenda ng'ambo ikarudi nzima. Na yeye mwenyewe, sawasawa na alivyomwapia Norbert, hakuzama.