Goli la Saa Kumi na Mbili

Leo nimeaibika, tena si kidogo. Nimeaibika mbele ya kambi nzima hapa Baraka, mbele ya akina mama walionilea, na sehemu kubwa ya aibu hiyo nilikuwa bila shati.

Nianze mwanzo. Papa ni askari, cheo chake adjudant. Amepewa uhamisho, na kesho asubuhi anapanda lori kwenda Lulimba. Mama na sisi tunabaki mpaka apate nyumba. Mliokulia kambini mnajua: mzazi wa mtu akihamishwa, tunafanya siku ya kumuaga. Kila jiko linatoa sufuria moja, na alasiri akina papa wanacheza mpira na watoto wao. Timu ikifungwa, inaosha masufuria yote. Nani alianzisha desturi hiyo? Hakuna anayejua. (Nimeuliza. Niliuliza pia kwa nini akina mama hawachezi. Nikapewa vitunguu nimenye.)

Ndiyo, mimi ndiye yule anayeuliza. Mwezi uliopita nimerudi kutoka chuo kikuu, Bukavu, na shahada ya sosholojia, na sasa kambini naitwa Licencié, yaani mwenye shahada. Jina hilo halitamkwi kwa heshima.

Jambo moja lazima mlijue. Papa ni golikipa. Tangu nina miaka saba nimecheza mechi za kuagana Uvira, Fizi na hapa, na watoto wote wa kambi wamekwisha kumfunga papa wangu. Wote! Wilondja, jirani yangu na kapteni wa timu yetu ya watoto, amemfunga mara tatu, na kila Noeli ananikumbusha. Mimi, hata mara moja. Leo ilikuwa nafasi ya mwisho kabla mzee hajaondoka. Ni jambo dogo, najua. Nimeuchunguza udogo wake kwa njia zote za kisayansi. Bado nililitaka.

Siku ilianza vizuri. Bugali, ndagala na mikeke ya kuchoma kutoka ziwani, na sombe ya Mama Wilondja, ya majani ya muhogo, ambayo ningeitambua nikiwa nimefumba macho. Mwaka ule Papa alipokuwa milimani na Mama amelazwa hospitali ya Nundu, ni sombe hiyo iliyonilisha mwezi mzima. Mimi na Wilondja tulikula sahani moja na kupigwa fimbo moja.

Saa kumi na moja tukaingia uwanjani, kati ya nyumba za kambi na ziwa. Akina papa walivaa suruali za kazi zilizokatwa magotini. Refa alikuwa Papa Etabo, mwenye firimbi mpya, na aliipiga kwa kila kitu: mtu akianguka, mtu asipoanguka, mbuzi akipita.

"Papa Etabo, nimekosea nini?"

"Unakimbia mubaya."

"Hiyo ni sheria gani?"

"Ni ya kwangu."

Hapo nikafanya uamuzi wa kisomi: firimbi ya Papa Etabo si ushahidi. Nikiisikia naendelea kucheza mpaka mtu anionyeshe kosa liko wapi.

Jua likaingia nyuma ya milima. Bado tulikuwa bao moja kwa moja. Akina mama walikuwa pembeni na miiko yao, wanatutukana bila kubagua timu. Wilondja akanipa mpira katikati ya uwanja.

Firimbi ikalia. (Ndefu. Ningepaswa kujiuliza kwa nini ni ndefu. Mimi, mwenye kuuliza kila kitu!)

Nikaendelea.

Nikampita beki wa kwanza. Hakusogea. Nikampita wa pili, naye hakusogea. Wa tatu nilimzunguka mara mbili, kwa raha zangu tu. Wa nne na wa tano, nikapita katikati yao kama mtu anayepita mlangoni kwao. Kelele zote zilikuwa zimekatika. Nikasema moyoni: basi, wamepigwa na butwaa. Hawajawahi kuona mpira wa namna hii.

Nikafika mbele ya Papa. Alikuwa katikati ya goli, amesimama wima, mikono imebana mapaja, kidevu juu. Macho yake yalikuwa yananiambia kitu. Nilisoma fahari.

Nikapiga. Shuti lenyewe halikuwa na nguvu. Mpira ulijiviringisha taratibu, ukapita karibu na goti lake, ukaingia.

"Goooli!"

Nikavua shati. Nikalizungusha juu ya kichwa, nikakimbilia upande wa akina mama. "Nimemufunga Papa! Mumeona? Nimemufunga!"

Mama alikuwa ameshika mwiko hewani, bugali inaning'inia. Mama Wilondja alikuwa na mfuniko kifuani kama ngao. Katika kambi nzima, waliokuwa wanatembea walikuwa wawili tu: mimi na mbuzi.

Ndipo nikatazama walikokuwa wanatazama. Juu ya paa za mabati, bendera ilikuwa inashuka. Saa kumi na mbili! Firimbi ile ilitoka kwa walinzi wa bendera, Papa Etabo hakuhusika hata kidogo. Bendera ikipanda au ikishuka, kila mtu anasimama wima pale alipo, garde-à-vous. Hili nililijua kabla sijajua kusoma. Nakumbuka Wilondja akisimama na kijiko cha uji mdomoni, na mimi nikiwa na mguu mmoja ndani ya suruali. Lakini mtaa niliokaa Bukavu haukuwa na bendera, na miaka minne ilitosha mwili kusahau; mwezi mmoja nyumbani haukutosha kuukumbusha.

Nikasimama. Nimechelewa, lakini nikasimama: kifua wazi, mkono mmoja juu, shati linapepea. Kuushusha mkono lingekuwa kosa la pili, basi nikabaki vile vile. Bendera haijawahi kushuka polepole namna ile. (Nani anapanga mwendo wake? Sasa siulizi.)

Firimbi ya pili ikalia, na kambi ikalipuka.

Mama akakaa chini kabisa na mwiko wake. "Ayi, bamama! Mutoto yangu anapiga chenga batu benye kusimama garde-à-vous!"

"Licencié," Wilondja akasema, anashika mbavu, "ulizani tuko nafanya nini pale?"

"Nilizani munashangaa."

"Tunashangaa nini? Weye?"

Papa Etabo akapiga firimbi yake, ya kweli safari hii. "Goli hakuna! Iandike popote: hakuna!"

Papa akaja polepole, mpira kwapani. Nikavaa shati haraka, nyuma mbele. Nikajiandaa kwa hotuba.

"Licencié. Umepita batu ngapi?"

"Tano, Papa. Na weye, sita."

"Nilikuwa naona ile mupira inakuja. Inakuja po-le-po-le. Nikasema, Mungu wangu, nisogeze mugulu ao nisisogeze? Miaka yote ya kazi, hakuna adui mwenye alinitesa vile."

Akauweka mpira chini, akahesabu hatua kumi na moja, akarudi golini. "Sasa bendera imelala. Piga."

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Papa akaudaka kwa mkono mmoja. (Mmoja! Wa pili alikuwa anafuta machozi ya kicheko.)

Mechi ikaisha sare. Masufuria nimeyaosha mimi, kwa kura ya kambi nzima, na sikuona hata mkono mmoja wa kupinga. Nilipofika kwenye la sombe, Papa akaja akachuchumaa karibu yangu, akachota jivu, akaanza kusugua. Kila baada ya muda mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Papa, unisamehe. Nilitaka tu kukufunga kabla hauyaenda."

"Ninajua." Akageuza sufuria. "Kule Lulimba sijue muntu hata mumoja. Mangaribi ya kwanza, mahali ya mupya, iko mugumu sana. Batu banakuangalia tu. Lakini sasa niko na habari ya kubaambia."

Na akaanza kucheka tena, peke yake, mpaka jivu likamwagika.

Kwa hiyo chekeni mnavyotaka, sina nguvu ya kuwazuia. Ila kama una ndugu Lulimba, nakuomba sana, usimpigie simu kabla ya kesho usiku. Papa anataka kuisimulia mwenyewe.