Kiatu Kizoee Mbio

Jumatatu, 10 Julai 1995

Balaa! Bosi wetu Bwana Monari ametangaza mambo mawili kwa pumzi moja, na yote mawili yananihusu. La kwanza: Jumamosi tarehe 29, sisi wafanyakazi wa ushirika hapa Migori tutashindana mbio na wenzetu wa tawi la Homa Bay, kilomita kumi, huko kwao. La pili: ushirika unafungua tawi dogo Karungu, kando ya ziwa, na karani mmoja lazima aende kulianzisha. Makarani tuko wawili, mimi na Oliver. Bosi alisema alijaribu kutupima kwa bidii ya kazi akakuta hakuna cha kupima. Basi kati yetu, atakayemaliza nyuma ya mwenzake ndiye wa Karungu.

Ofisi nzima ilicheka. Mourine, taipisti wetu, alicheka mpaka akaharibu ukurasa. Nadhani alikuwa anamcheka Oliver.

Mimi sina ugomvi na Karungu. Samaki wapo, upepo upo. Lakini Mourine yuko Migori na mimi nampenda. Basi, nimeandika! Nimeshafika mbali naye: ananiruhusu nimletee chai, na juzi aliimaliza. Nikiondoka, Oliver atabaki naye peke yake. Oliver humwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kama wanavyoitana kijijini kwa mahali mtu alikozaliwa. Ushamba! Mimi humwita Miss Mourine. Siendi Karungu hata kwa dawa.

Jumanne, 11 Julai

Oliver ameshaanza mazoezi. Ameonekana asubuhi kwenye barabara ya Isebania akikimbia na viatu vya ofisini, tai imeningʼinia begani. Watu walimpigia makofi. Mimi sikuhangaika. Akili ni mali.

Saa ya chakula nikaenda kwa Abdihakim, anayeuza viatu karibu na stendi. Abdihakim amelelewa Lamu kwa mjomba wake na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Mimi pia Kiswahili nilikipasi vizuri sana shuleni. Hapa mjini watu wanasema "kiatu yangu" mchana kweupe, bila aibu. Kwa hiyo tukikutana sisi wawili, tunapumua.

Nikamwambia nataka kiatu cha kushinda. Akaniuliza kama nina pesa za jozi mbili. Nikasema hapana. Akasema basi tusikilizane. Kuna viatu vizito, soli nene kama godoro, vya kukimbia kila siku taratibu. Kuna vingine vyepesi, soli kama chapati, vya mashindano tu. Ukivifanyia mazoezi ya kasi vinakwisha mwezi haujaisha. Mtu wa jozi moja atafute cha katikati: chepesi cha kutosha siku ya mashindano, kigumu cha kutosha kuvumilia mazoezi ya kasi. Akapanda ngazi, akashuka na jozi ya bluu yenye mstari wa njano. Akakikunja kimoja: kikapinda penye vidole, si katikati. Akaniambia niache nafasi ya kidole gumba mbele, maana mguu huvimba mtu akikimbia. Nikavivaa, nikakimbia taratibu hadi mlangoni. Vyepesi! Nilijisikia mwanariadha kabla hata ya kulipa.

Nilipokuwa natoka akanipa onyo, na ninalinukuu neno kwa neno: "Usikivae siku ya mashindano kikiwa kipya. Kiatu kwanza kizoee mbio za kasi."

Jumatano, 12 Julai

Neno la Abdihakim halijanitoka kichwani. Kizoee! Hakusema uzoee. Hakusema mzoeane. Alisema kizoee, ki- ya kiatu. Na mtu aliyelelewa Lamu hakosei ngeli. Kwa hiyo anayetakiwa kufanya mazoezi ni kiatu. Mimi sihitajiki!

Furaha iliyonishika siwezi kuieleza. Nilichohitaji sasa ni miguu yenye kasi ya kukifundisha, na jina lilikuja lenyewe: Maroa. Huyu ni Mkuria anayeleta maziwa kwenye mikahawa ya mjini kila asubuhi, mbio, akiwa na akala za tairi, mtungi begani. Anakimbia mpaka maziwa yakifika yameanza kuwa siagi. Nikamwomba akimbie na viatu vyangu kila siku, kwa kasi, mpaka vizoee. Akaniuliza mimi nitakuwa nafanya nini. Nikamwambia mwenye ngʼombe havuti plau. Akafikiri kidogo, akasema hiyo ni kweli, akavivaa papo hapo. Miguu yake ni mipana, lakini iliingia.

Ijumaa, 14 Julai

Asubuhi njema kabisa. Nilikaa nje ya mkahawa na chai na mandazi, nikisimamia mazoezi. Maroa akapita kama upepo. Akanipigia kelele: "Hii kiatu inakimbia yenyewe!" Nikasimama nikamsahihisha: hiki kiatu, kinakimbia, chenyewe. Alikuwa ameshafika darajani.

Mchana nikamkuta Oliver anapaka vidole vyake dawa. Viatu vya ofisini vimemchubua. Hapo nikapata wazo la pili, na nilitabasamu mwenyewe. Nikamwambia kama ndugu: omera, mabingwa hufanya mazoezi na viatu vizito sana, ili siku yenyewe miguu iwe miepesi. Akauliza vizito kama nini. Nikasema gambuti, buti ndefu za mpira. Akanishukuru mpaka nikaona haya kidogo, haya ya dakika chache.

Jumanne, 18 Julai

Oliver anakimbia na gambuti! Mji mzima unacheka. Anasikika kabla ya kuonekana, pwata, pwata, pwata, mpaka kuku wanatoka barabarani.

Nikamwambia Mourine aone vituko vya mwenzetu. Mourine akasema angalau yeye anakimbia, akaniuliza mazoezi yangu yanaendaje. Nikamjibu kwamba viatu vyangu viko mazoezini wakati huu tunapozungumza. Akauliza, viatu? Nikasema ndiyo, viatu. Akanitazama kwa muda mrefu, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema hakuna siku anayokosa kucheka na mimi. Chai aliimaliza tena. Mambo yanakwenda.

Jumamosi, 22 Julai

Maroa amenirudishia viatu. Vimepanuka. Vimepanuka kweli! Kidole chake kidogo kimejifungulia dirisha pembeni. Vinanuka maziwa. Lakini vina sura ya ujuzi, kama mtu aliyesafiri.

Kwa bahati mbaya nikakutana na Abdihakim sokoni. Akaniuliza kama nimeumia visigino. Nikasema hata kidogo. Malengelenge? Hakuna hata moja. Akastaajabu, akasema mashaallah, kiatu kile kimepata mwenyewe. Nikaona sina sababu ya kumchosha na maelezo mengine. Kuhusu upana nimeshapata dawa: soksi juu ya soksi.

Jumatano, 26 Julai

Leo nimejaribu viatu mwenyewe. Nilitoka nyumbani hadi njia panda ya soko. Viatu vilikuwa na kasi ya ajabu, ndani yake miguu ikawa inafuata. Pumzi ilinikatika, lakini pumzi si sehemu ya kiatu.

Oliver naye amebadilika. Mapaja yamejaa suruali. Alipanda ngazi za ofisi mbili mbili, na gambuti. Hilo sikulitarajia.

Jioni Mourine akaniuliza, hivi Karungu kuna ubaya gani. Mama yake yuko huko, akasema, na siku hizi hana nguvu za kuchota maji. Maskini, alikuwa ananifariji mapema endapo nitashindwa! Nikamweleza kwa kirefu kuhusu mbu wa kule, joto la kule, na jinsi nisivyoweza kuishi mahali kama pale. Akarudi kwenye taipu yake. Nadhani nilimgusa.

Jumamosi, 29 Julai. Homa Bay

Nimeshinda! Yaani, nimemshinda Oliver. Naandika nikiwa nyuma ya lori la ushirika, mguu mmoja umefungwa kitambaa.

Tulianzia barabarani, upande wa Asumbi, tuteremke hadi mjini. Maroa alikuja nasi kushangilia, na alisema wazi kwamba hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa ajili ya viatu. Filimbi ikalia. Yawa! Nikatoka mbele ya wote! Mbele ya Homa Bay nzima! Nilimsikia Maroa akipiga kelele, "Kaza, kiatu! Kaza!" Niliongoza mpaka kona ya kwanza. Baada ya hapo walinipita. Kwanza vijana, halafu wazee, halafu mama mmoja wa Homa Bay ambaye alinisalimia na kuuliza habari za nyumbani.

Wa mwisho kunikaribia alikuwa Oliver. Alikuwa ameanza polepole kwa makusudi, kumbe. Miguuni raba nyeupe za turubai, baada ya gambuti zile zote. Alikuwa anaruka kama swala. Alipofika ubavuni mwangu nikajaribu kuongeza mwendo, kiatu cha kulia kikaongeza zaidi yangu. Kikatoka mguuni, kikaruka ua, kikaingia shamba la mahindi.

Nikasimama. Niliiona Karungu, niliwaona na mbu. Oliver naye akasimama. Akasema, "Ngoja omera, nakuletea," akaruka ua, akapotea kwenye mahindi. Nilimwambia asante. Nilikusudia kumngoja, Mungu ni shahidi. Lakini miguu haikuwa na habari hiyo, ikaondoka, mmoja na kiatu, mwingine na soksi zake.

Nyuma nilisikia mbwa akibweka, na Oliver akimbembeleza kwa Dholuo. Sikugeuka. Nilifika nikiwa wa pili kutoka mwisho, nikaanguka nyasini. Baadaye sana Oliver akatokea, ananyanyua kiatu changu juu kwa mkono mmoja, suruali imechanika. Watu walimshangilia kuliko mshindi. Mourine alipiga vigelegele. Oliver akanikabidhi kiatu, ameshakipangusa matope. Bosi akatangaza pale pale: Oliver, Karungu. Niliruka kwa furaha, kwa mguu mmoja.

Jumatatu, 31 Julai

Sijui nianzie wapi.

Bosi ametangaza kwamba tawi la Karungu linahitaji pia taipisti, na kwamba Mourine aliliomba tangu siku ya kwanza ili awe karibu na mama yake. Wanaondoka pamoja wiki ijayo. Pamoja! Nilimfuata penye birika la chai, nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Akasema wiki zote hizi alikuwa akiniombea nishindwe. Alitaka karani wa Karungu niwe mimi, kwa sababu namchekesha, na kule kwao hakuna kicheko kingi siku hizi.

Nikamwambia basi nitafanya mpango. Akatikisa kichwa polepole. Alisema alikuwa pale barabarani, juu ya lori lililokuwa likitufuata, aliona kila kitu. Alimwona mtu akiruka ua kumtafutia mpinzani wake kiatu, akamwona na yule aliyeondoka. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kuanzia.

Nimeumia. Chai yake ilibaki kikombeni, mimi ndiye niliyeimwaga.

Jumatano, 2 Agosti

Nimeamka na nguvu mpya, maana kuna habari! Mbio za marudiano zitafanyika hapa Migori mwezi wa Desemba. Tawi la Karungu litahitaji karani wa pili, na kanuni ni ile ile: mimi na karani mpya, Helen, anayechukua meza ya Oliver, atakayebaki nyuma ndiye atakayekwenda. Mourine hajaolewa na mtu. Desemba si mbali. Kazi yangu ni moja tu, kushindwa!

Mbio mbio hadi kwa Abdihakim. Nikamwambia nataka kiatu cha kushindwa. Kizito, soli ya godoro, kile cha kila siku taratibu. Akaniuliza ninakitakia nini, nikamweleza yote, na Karungu, na Mourine. Alinisikiliza, akaweka miwani mezani, akasema kuna njia fupi: nimwendee Bosi leo, nimwombe kwa mdomo anihamishie Karungu. Na kabla ya hapo, nimwombe Oliver msamaha.

Nilicheka! Mtu mzuri yule, lakini hajui mambo ya mashindano. Nikachagua jozi ya kahawia, nzito kama tofali. Na sikusahau somo: kiatu kwanza kizoee. Kosa langu la mwanzo ni kwamba nilichagua mwalimu mwenye kasi mno, kiatu kikanishinda mwenyewe. Safari hii nimetafuta mtu wa polepole kuliko wote Migori, anayepumzika mara mbili akitoka ofisini kwake hadi chooni, na kwa bahati njema tunavaa saizi moja. Bosi wetu, Bwana Monari, amefurahi sana kwa zawadi ya viatu. Amesema hakujua kuwa namjali afya yake kiasi hiki. Kesho alfajiri anaanza mazoezi, na mimi nitakuwa nje ya mkahawa na chai yangu, nikisimamia.