Kompyuta Inayokufa Kila Jumapili

Taisto Hakkila,
Ngazi B, Nyumba Na. 9.
Ijumaa, tarehe 15 Mei.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,
Hapa hapa mjini.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: OMBI LA KUMFELISHA MJUKUU WANGU

Nakuomba radhi kwa mwandiko. Nilikusudia kukuandikia kwa kompyuta, lakini kompyuta yangu imekufa, na kufa kwake ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha karatasi, miaka arobaini na moja kwenye mashine namba tatu. Sijawahi kumlalamikia mtu kwa maandishi, isipokuwa kamati ya jengo letu mwaka ule walipotubadilishia saa yetu ya kuoga mvuke kwenye sauna. Kwa hiyo uelewe kwamba yamenifika shingoni.

Mjukuu wangu, Pihla Hakkila, yuko mwaka wa tatu chuoni kwako. Anajifunza kutengeneza kompyuta na kuzitia huo mfumo unaoitwa Linux. Alhamisi tarehe 21 anafanya mtihani wake wa mwisho wa vitendo. Akifaulu, kuna hospitali huko Oulu inayomsubiri akahudumie kompyuta zake. Naomba asifaulu. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Amenivurugia kahawa. Kompyuta yangu ilikuwa ikichukua dakika ishirini na tano kuwaka. Muda huo nilikuwa nabandika maji, nachemsha kahawa, nakunywa vikombe viwili na kulitazama ziwa. Mwezi wa pili Pihla akafuta kila kitu, akatia Linux, na sasa inawaka kabla sijafungua kopo la kahawa. Nilipomwambia airudishe kama ilivyokuwa, alicheka. "Babu, wenzako wanalia kompyuta zao nzito, wewe unalia yako nyepesi?" Nikamuuliza mfumo huo ni wa nani. "Wa kila mtu." Nani anauuza? "Hauuzwi, Babu. Unachukua tu." Ndugu Mkuu, kwa miaka arobaini na moja kiwandani hakuna aliyenipa hata glavu bila kunitaka nisaini. Chuo kinachowafundisha vijana mambo ya kuchukua tu kijiulize kinatupeleka wapi.

2. Amevunja amani ya ngazi yetu. Kama ujuavyo, mtu mwenye adabu hatoki nyumbani kwake kabla ya kuchungulia kwenye kitundu cha mlango na kuhakikisha hakuna jirani nje. Mimi na Bi Rauha Tuomela wa nyumba namba 11 tuliishi vizuri kabisa namna hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Tulikuwa tumeshaambiana sentensi mbili, na mojawapo ilihusu moto. Kisha Pihla akamtengenezea kompyuta, akatoa manyoya ya paka ya kutosha kufuma soksi. Sasa Bi Rauha ananisubiri mlangoni. "Taisto! Huyo binti wako ni fundi kwelikweli! Shika mikate ya iliki, bado ya moto." Nalazimika kujibu, na jibu huzaa swali. Juzi tulisimama ngazini dakika kumi na moja, mimi na mfuko wangu wa taka mkononi, nikajikuta namweleza habari za goti langu. Goti hilo sijamweleza hata daktari.

3. Chumba cha taka. Watu wa jengo letu walikuwa wakitupa kompyuta zao kuukuu kwa utaratibu. Pihla anaziokota, anazifungua, anatoa kiungo cha hii na kukitia kwenye ile, anazitia Linux na kuzigawa. Familia ya nyumba namba 4 imepata, mlinzi wa jengo amepata. Sasa hakuna anayetupa kitu, bali wote wanagonga kwangu. "Pihla yupo?" Nasema hayupo. Si neno ninalopenda kulisema mara nne kwa siku.

4. Na hili ndilo kubwa: kazi yake haidumu. Nakupa ukweli mtupu. Kila Jumamosi Pihla anakuja kwa basi la saa nne asubuhi. Anaigeuza kompyuta juu ya meza ya jikoni, anaweka skrubu kwenye kikombe cha yai, anachungulia ndani, na baada ya dakika tano inawaka. Tunakula vikate vya Karelia, vile vyenye wali ndani, na siagi ya mayai, tunaingia sauna kila mtu kwa zamu yake, na anaondoka kwa basi la saa kumi na mbili. Jumapili jioni kompyuta imekufa tena. Mambo haya yametokea wiki kumi na moja mfululizo. Nimezikagua hata skrubu. Vichwa vyake vimechubuka vibaya, kana kwamba vinafunguliwa kwa kisu cha siagi. Je, chuo chako hakina bisibisi?

Ule mfumo wa zamani, pamoja na uzito wake wote, haukuwahi kufa hata siku moja. Kwa miaka sita haukuhitaji fundi, na Pihla alikuwa akija Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa, basi. Nayataja haya kama ushahidi wa kiufundi tu.

5. Sasa ifikirie hiyo hospitali. Mimi nina kompyuta moja, nayo inakufa mara moja kwa wiki. Hospitali ina mamia. Kwa hesabu zangu, kila Jumapili jioni zote zitakuwa zimezima, madaktari wasijue yupi kalazwa kwa mguu na yupi kwa moyo, na jina la Hakkila litatajwa kwenye taarifa ya habari. Oulu ni mji mkubwa, tena uko mbali. Huwezi kwenda na kurudi kwa basi la saa kumi na mbili.

Kwa hiyo naomba Pihla arudie mwaka wa tatu. Sheria ikiruhusu, arudie mara mbili. Katika muda huo aendelee kufanyia mazoezi kwangu kila Jumamosi mpaka kompyuta ipone kabisa. Niko tayari kujitolea kwa hilo. Na mtu asidhani naandika kwa sababu ya upweke. Tangu mke wangu Helvi afariki, upweke ninao, lakini haukusajiliwa chuoni kwako.

Nisalimie Mwalimu Ylitalo wa karakana, mtunza maktaba, na mpishi wenu, ambaye Pihla anasema supu yake ya njegere ya Alhamisi ni nzito inavyotakiwa. Wasalimie pia wanafunzi wote, hasa wanaorudia mwaka.

Wako katika masikitiko ya kiufundi,
Taisto Hakkila

Nyongeza, Jumatatu tarehe 18 Mei:

Ijumaa sikupata stempu. Jumamosi Pihla alikuja, akaitengeneza, akaniachia daftari lake la karakana nitie sahihi ya mteja, maana Mwalimu Ylitalo analitaka kabla ya mtihani. Nimelisoma. Kompyuta yangu imo mara kumi na mbili. Hitilafu: kipande cha kumbukumbu kimelegea. Matengenezo: kimerudishwa mahali pake. Chanzo: hakijulikani. Na chini ya ile ya kumi na moja Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Fundi asiyejua chanzo cha hitilafu ile ile mara zote hizi, siwezi kumpitisha."

Ndugu Mkuu, chanzo anakijua. Ni mimi. Kila Jumapili, ibada ya redioni ikimalizika, naigeuza kompyuta, nafungua skrubu kwa kisu cha siagi na kukivuta hicho kipande kidogo tu, mahali pale pale nilipomwona akikishika. Nilidhani hakuna ajuaye. Lakini katikati ya daftari nimekuta bisibisi ndogo mpya, imezungushiwa karatasi: "Babu, tumia hii. Kisu kinaharibu skrubu."

Nimekaa na karatasi hiyo muda mrefu, na nimeona haya. Mimi nilikuwa tayari kumharibia mtoto maisha ili aje kula vikate, na yeye alikuwa tayari kufeli ili mimi nisiaibike.

Kila palipoandikwa "hakijulikani" nimekata na kuandika "Babu", mara kumi na mbili, na sahihi yangu iko chini. Malalamiko ya nne na ya tano nayafuta, pamoja na ombi lenyewe. La kwanza linabaki. Barua ningeichana, lakini kurasa nne kwa mkono si mchezo, na pengine Mwalimu Ylitalo atataka ushahidi. Daftari limo ndani ya bahasha hii. Nitaileta ofisini kwako kesho, nisije nikaikabidhi posta ikachelewa.

Jana, Jumapili, sikuigusa kompyuta. Nyongeza hii, kama unavyoona, imechapwa. Jioni nilimpigia Pihla simu kumwambia kwamba mashine ni nzima, na kwamba Jumamosi hana kazi ya kufanya huku.

"Basi tutakula mapema, Babu," akasema.