Friji Bovu la Mtaa wa Banksia

Neville Pascoe alipohamia Mtaa wa Banksia, kule Dandenong, hakuwaona majirani kwanza. Aliona vifurushi. Karibu kila baraza lilikuwa na chake, kimeachwa mlangoni na dereva mwenye haraka, na wezi walikuwa wanavibeba kama wanaochuma matunda ya porini. Watu walilalamika sana. Neville aliyasikia malalamiko yale kama mwenye njaa anavyosikia kengele ya chakula.

Akapiga pasi shati, akaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Waambie madereva waache kila kitu kwangu," alimwambia Bi Glenys Tamblyn, mjane wa jirani. "Mimi nashinda nyumbani. Nina kamera, nina mbwa. Bure kabisa, ni ujirani tu."

"Mbwa wa aina gani?"

"Wa aina ambayo hutaki kuijua, mama."

Kamera ilikuwa kopo la maharage lililopakwa rangi nyeusi. Mbwa alikuwa Neville mwenyewe, akibweka nyuma ya mlango kila geti lilipolia. Majirani wema wakaanza kumletea mbwa mifupa, naye ikambidi aigugune kwa sauti mpaka waondoke. Wapo watu wanaofanya kazi nyepesi kuliko hiyo, tena ya halali.

Krismasi ilipokaribia, sebule yake ilijaa. Jioni ya mkesha watu wangekuja kuchukua zawadi zao. Kabla ya hapo ilimpasa awe mbali, pamoja na mzigo wote.

Bahati ikamtabasamia. Ilikuwa wiki ya halmashauri kuzoa takataka kubwa, na kila nyumba ilikuwa imetoa magodoro na makabati kwenye nyasi za kando ya barabara. Nani angemshuku mtu anayekokota friji bovu? Neville alilijaza vifurushi, akalifunga kwa selotepu, akalilaza nyasini, kisha akaenda kuleta pikapu aliyoificha nyuma ya kituo cha mafuta.

Jambo moja hakulijua, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mtu wa kuhamahama: wiki ile, kilichowekwa kwenye nyasi ni cha aliyekiwahi. Mchungaji wa mtaa ule alipata kochi lake hivyo hivyo, na alilikalia kwa amani.

Aliporudi, Bi Glenys alikuwa ameketi juu ya friji, kofia ya jua kichwani, anakunywa chai.

"Shuka, mama. Hilo nalipakia."

"Umechelewa, mwanangu. Nimeliwahi."

"Lakini ni langu."

"Lilikuwa lako lilipokuwa ndani kwako."

"Amekuwahi, jirani," alisema Con Stavrou, jirani wa ng'ambo ya barabara, mpira wa maji mkono mmoja, mwingine ukiandika kwenye simu. "Mimi shahidi."

"Halitoi hata ubaridi, Bi Glenys."

"Nataka kufugia minyoo ya bustani. Minyoo haipendi baridi."

Neville akashusha sauti. "Kuna vitu vyangu ndani."

"Vitaje mbele ya Con, nishuke."

Con akafunga maji ili asikie vizuri. Neville akafungua mdomo. Kila kitu alichokikumbuka kilikuwa na jina la mtu mwingine juu yake.

"Halina kitu," akasema hatimaye.

"Basi hujapoteza kitu. Shika upande huo unisaidie, mgongo wangu haufai. Con atashika huu."

Akainama. Hapo ndipo alipoona kwamba selotepu ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa upya, vizuri kuliko alivyoibandika yeye. Wakanyanyua. Ndani vitu vikagongana.

"Nini hicho?" akauliza Con.

"Barafu," akasema Neville.

Jua la Desemba lilikuwa linalainisha lami. Con akatikisa kichwa polepole, kwa heshima, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Mbele ya gereji ya Bi Glenys mtaa mzima ulikuwa umeshapanga foleni, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Wakampisha apite, maana alikuwa amebeba kitu kizito.