Mistari Isiyo na Maana, Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimekataliwa tena. Mara ya saba! Jumba la sanaa limenirudishia picha yangu ya farasi sita wakivuka mto. Miezi minne nimechora manyoya, unywele mmoja mmoja, mpaka shingo ikakakamaa. Msimamizi wa maonyesho, mama mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole, alisema picha ni nzuri. Akasema tatizo lenyewe ndilo hilo.

Nikabaki kwenye semina yake kwa hasira tu. Anafundisha usasaleo, yaani hii sanaa ya siku hizi ambayo haitaki tena kuumba kitu kipya. Kila kitu kimeshachorwa, anasema. Msanii anachukua kilichopo, anakihamisha, anakipa jina. Maana haitoki kwa aliyekitengeneza, inatoka kwa anayekitazama. Wala si lazima uwe umekitengeneza wewe. Hapo nikapiga mstari kwenye daftari, mara mbili, karatasi ikatoboka.

Mbele yangu alikaa Bwana Dhana. Jina hilo nimempa mimi. Zamani tulichora mabango ya maduka pamoja, na hakuweza hata kunyoosha herufi S. Siku hizi anaonyesha viti vibovu. Mwaka jana alitundika kiti cha miguu mitatu, akakiita "Kukaa", na watu wakatokwa machozi. Kile kiti kilikuwa changu! Nilimpa akakichanje kuni.

Mwisho wa kupeleka kazi ni Ijumaa. Safari hii lazima niingie.

Jumatano, 5 Machi

Niliweka ndoo yangu ya maji ya rangi barazani nikaiita "Ndoo". Nikarudi nyuma hatua tano kuitazama. Nikaanza kuhisi kitu. Mke wangu akatoka, akamwaga maji, akaifulia nguo.

Nikahamia kwenye kiatu cha kushoto. Nikampigia simu Bwana Dhana, kwa hila, nikamuuliza watu wengine wanapeleka nini. Akasema viatu vitatu vimeshafika, vyote vya kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Nimepata! Na kilikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Mke wangu ni fundi wa kushona. Chumba chetu cha mbele ndicho duka lake: cherehani mbili, moja yake, moja ya mdogo wake, shemeji yangu, mwanamke mwenye macho ya askari wa zamu. Leo niliwapelekea chai. Ubavuni mwa cherehani ya mke wangu kinaning'inia kitambaa, na miaka kumi na tisa nimekipita bila kukitazama. Kila anapobadilisha uzi, kabla hajagusa nguo ya mtu, hujaribu kwanza mstari mmoja pale, aone kama uzi unavuta au unalegea. Mafundi wengine hujaribia kipande chochote, wakakitupa. Yeye ana hicho kimoja tu tangu alipofungua duka. Kikijaa anaunga kipande kingine chini. Sasa kinagusa sakafu.

Mistari mia kadhaa! Mirefu, mifupi, iliyopinda, iliyokatika, rangi zote, haijui inakokwenda. Hakisemi lolote. Usasaleo mtupu!

Nikamuuliza mke wangu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama bado anakihitaji. Bila kuinua uso akasema angetoa kwanza cherehani. Nikachukulia ni utani.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu na shemeji walikwenda kuwapima wauguzi sare mpya. Nikakikunja, nikakifunga tumboni, nikashusha shati juu yake. Jirani akanipongeza kwa kunenepa.

Kwenye fomu, mahali pa msanii, niliandika jina langu.

Jina la kazi: "Mistari Isiyo na Maana, Namba Moja". Maelezo: Mistari hii haikukusudiwa na mtu. Haikumbuki chochote. Inakataa kusimulia. Msimamizi alivua miwani. Akauliza nani ameshona. Nikamuuliza na mimi kama kweli hilo lina umuhimu. Akafumba macho, akasema nimeelewa semina kuliko wote.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Mke wangu amekitafuta tangu juzi. Amehamisha meza. Amefungua mito. Shemeji ananitazama mimi tu, hata anapozungumza na mwingine. Nikaona nimalize jambo: nikasema labda kiliangukia kwenye vipande vya kutupa, nikakipeleka jalalani bila kujua. Nikadhani atasema basi.

Hakusema basi. Alijifunga khanga kiunoni, akachukua fimbo, akaenda jalalani. Nikamfuata. Ningebakije nyumbani? Tulichambua takataka kwa saa mbili. Mimi nilishika ndoo. Mara mbili nikaokota tambara na kumwonyesha, nikimuuliza kama ni hicho. Akatikisa kichwa, akanishukuru kwa kumsaidia.

Akanishukuru! Nimeoga mara tatu na bado najisikia mchafu.

Jumanne, 11 Machi

Nimechaguliwa!! Ukuta wa katikati! Bwana Dhana na sufuria alizopeleka safari hii wamewekwa kwenye ujia wa vyooni. Nilimpigia simu kumpa pole kabla hajajua.

Nikaingia nyumbani ninacheka, nikawakuta mke wangu na shemeji wanafumua kola ya sare ya muuguzi. Uzi ulivuta, kola ikakunjamana kama kikaratasi. Mke wangu alikuwa ameujaribia kwenye gazeti. Akasema mkono wake umepotea njia bila kile kitambaa. Shemeji akaniuliza ninachekea nini.

Nikasema farasi wamekubaliwa. Sijui kwa nini nilisema farasi. Mke wangu akasimama, akapiga makofi, akanikumbatia na pini mdomoni. Ndiyo furaha yake ya kwanza tangu Ijumaa. Akasema siku ya ufunguzi atakuja kukaa mbele kabisa. Nikamwambia wake hawaruhusiwi.

Akauliza kwa nini. Nikasema ni usasaleo.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu ameacha sare za wauguzi, amenishonea shati la ufunguzi. La bluu, vifungo vya mbao. Alinivalisha mwenyewe, akanigeuza, akanyoosha mabega, akasema hata asipofika, atakuwa ameshika mabega yangu.

Nilikwenda uani nikakaa nyuma ya pipa la maji. Nikakata shauri kwamba nitamwambia ukweli. Nikaamua ukweli utafaa zaidi baada ya ufunguzi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa uani. Ndani siwezi kukaa.

Ilianza vizuri mno. Watu wengi, mwanga mweupe, kitambaa kimening'inia peke yake kama mfalme. Msimamizi akaeleza kwamba kazi hii imezika simulizi kuu, yaani zile hadithi kubwa zinazodai kueleza kila kitu. Mzee mmoja aliniuliza ina maana gani, nikatabasamu nusu nusu, nikamwambia ana swali la karne iliyopita. Bwana Dhana akawa wa kijani kwa wivu. Nilijiona!

Kisha nikamwona Bwana Dhana anafungua mlango na kumkaribisha mtu. Bwana huyu hupeleka suruali zake kwa mke wangu zipunguzwe. Alikuwa amemwambia kwamba wake wanaruhusiwa, na chakula kipo.

Mke wangu aliingia na shemeji. Alivaa gauni lake la harusi za watu. Alikuwa anatafuta farasi. Alipita ukuta wa kwanza akitafuta farasi, wa pili pia, na uso unacheka, na shemeji nyuma yake. Nikajificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko mimi. Kisha akafika katikati.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alisoma kibandiko chenye jina langu na maelezo yangu polepole, mpaka mwisho, kisha akasogea mbele na kuweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa. Akasema, kwa sauti ile ile anayowaambia wateja siku ya kuchukua nguo, kwamba huu mwekundu ni pazia la mama mwenye nyumba wa zamani, kazi yake ya kwanza, alishona akiwa anaogopa. Wa kijani ni sare ya mtoto wa jirani alipoanza darasa la kwanza. Na huu hapa, kijani hicho hicho, ni sare ya chekechea ya mtoto wa mtoto huyo. Wa dhahabu, gauni la bibi harusi aliyeghairi. Wa kahawia uliopinda, siku umeme ulipokatika. Watu wakasogea karibu. Alikuwa anasoma kitambaa kama mtu anavyosoma barua.

Kisha akafika kwenye mstari mweupe, mfupi, hauzidi kidole. Akasema huu ni wa gauni la mtoto wetu, yule aliyekaa nasi siku kumi na moja. Alikuwa anajaribu uzi wa gauni la kumzikia. Mkono ukakataa, akaachia hapo.

Miaka kumi na tano. Siku ile mimi nilikuwa chumba cha pili, nachora bango la duka la matairi. Sikujua nani alishona lile gauni. Sikuuliza. Na nimeandika kwamba haikumbuki chochote.

Watu wakapiga makofi.

Walidhani ni sehemu ya kazi! Msimamizi alikuwa analia na kupiga makofi kwa pamoja. Mke wangu akageuka, akawauliza wanapigia nini makofi. Wakapiga zaidi. Shemeji akanitoa nyuma ya nguzo kwa kola, kola ya shati lile la bluu, akanisimamisha mbele ya watu wote. Nilitaka kusema neno. Nilisema kwamba maana hutoka kwa mtazamaji. Sijui lilitoka wapi. Mke wangu alinitazama, na hakukuwa na hasira usoni, ilikuwa kama ananipima na kuona kitambaa hakitoshi.

Akatoa mkasi mdogo kwenye mkoba, akakata nyuzi za kutundikia. Msimamizi akasema kwa upole kwamba kazi haiondoki kabla maonyesho hayajafungwa. Mke wangu akamjibu kwamba Jumatano ana sare kumi na mbili za wauguzi za kukabidhi, na hicho ni chombo chake cha kazi. Akakikunja, wakaondoka.

Kibandiko kikabaki na ukuta mtupu. Watu wakaanza kuupiga picha. Bwana Dhana akanishika mkono, akasema kwa dhati kabisa kwamba sasa ndipo kazi imekamilika.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu haniiti tena mume wangu. Ananiita Bwana Msanii. Bwana Msanii, chai iko mezani. Bwana Msanii, sogeza miguu nifagie.

Kitambaa kimerudi ubavuni mwa cherehani. Nikipita mbele, nageuza uso. Ule mstari mweupe naujua ulipo hata nikifumba macho.

Jumatatu, 17 Machi

Niliandika barua ya kuomba radhi, kurasa nne. Nilieleza jinsi dhana ya umiliki inavyotetereka katika zama zetu. Shemeji alinirudishia. Mke wangu alikuwa amesoma mstari wa kwanza, kisha akaikata kuwa kielelezo cha mfuko wa suruali.

Shemeji akaleta ujumbe. Mke wangu hataki barua. Anataka niingie dukani mchana, wateja wakiwepo, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya, bila neno lolote la semina. Nikishindwa, atahamishia duka na cherehani zote mbili kwa mama yake, na yeye mwenyewe atakwenda pamoja nazo. Shemeji akaongeza, kwa niaba yake mwenyewe, kwamba anatumaini nitashindwa.

Jumatano, 19 Machi

Nimefanya!

Niliingia saa nane mchana. Walikuwepo wauguzi watatu wanajaribu sare, na jirani. Nikasema: niliiba. Nikasema: nilimdanganya, nikamwacha achambue takataka, nikashika ndoo. Nikasema sikujua kuhusu gauni la mtoto kwa sababu sikuuliza, na sikuuliza kwa sababu niliogopa, na bango la matairi lilikuwa rahisi kuliko kuingia chumba cha mbele. Nililia, nikalia kweli, kamasi na kila kitu. Muuguzi mmoja naye akalia. Hata shemeji alitazama pembeni.

Mke wangu aliondoa mguu juu ya pedali. Kisha akasema yameisha. Akasema mume wangu, shika pasi, zile kola zinasubiri. Mume wangu! Nilipiga pasi kola kumi na mbili, na machozi yalikuwa yanadondoka juu yake na kufanya mvuke. Sijawahi kuwa mtu mwema kama leo. Sitarudia tena maisha yangu yote.

Simu niliiweka rafuni, katikati ya makopo ya uzi, ikarekodi yote. Dakika tisa. Jina: "Toba". Msimamizi amenijibu sasa hivi kwamba wanapokea video mpaka Ijumaa, na kwamba hiki ndicho alichokuwa akikisubiri kwangu.

Ila dirisha lilikuwa nyuma yetu, nyuso zote zimetoka nyeusi, na pale ninapolia jirani amekohoa. Haitafaa. Asubuhi saa tatu mwanga huingilia mlangoni, unampiga mke wangu usoni vizuri. Kesho nitakwenda nimwombe radhi tena.